Mtu aliyeikuta sukari ndani ya ini

Mwezi wa Shaaban uliopita jirani yangu hapa Tezo aliniita kwao mara baada ya swala ya alfajiri. Nilidhani kuna msiba. Nilipofika nikakuta watoto watatu wa kiume, watu wazima wenye wake zao, wamemzunguka mama yao barazani kama mahakama. Katikati ya mkeka kilikuwapo kile kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari, na kioo chake kilisoma 11.6. Usiku, kabla ya kulala, kilikuwa kimesoma 8.9, na baada ya hapo mama hakutia kitu kinywani. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Wanawe hawakumwamini. Kwa hesabu yao sukari haiwezi kupanda yenyewe usiku wa manane. Lazima kuna mkono ulioingia kwenye bakuli la tende.

Mama huyo ni wa umri wa kuamkiwa shikamoo na karibu kila mtu wa mtaa wetu. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakuamka ila kutia udhu. Mwanawe mkubwa akatazama pembeni. Nilikuwa nimeshasikia kwa mke wangu kwamba kwa wiki mbili kabati la jikoni lilikuwa limetiwa kufuli, kopo la sukari limehamishiwa chumbani kwa mkwe, na chakula cha usiku cha mama kimekatwa. Na kwa kuwa sasa alikuwa analala na njaa, wakaona hata kidonge chake cha usiku hakina kazi, wakakiacha. Namba za asubuhi zikazidi kupanda, na kila zilipopanda, shutuma zikapanda nazo. Sisi watu wa pwani tukisema maneno yamekata maini tunakusudia uchungu wa moyo. Asubuhi ile ini lenyewe ndilo lililostahili kushtakiwa, na hakuna aliyelitaja.

Mimi si daktari, wala sitaki madaktari wa Kilifi waniandikie barua. Lakini nilikuwa nimesoma habari za Mfaransa mmoja aliyekufa mwaka 1878, nikawaambia wale ndugu kwamba kama angekuwa hai na amekaa kwenye mkeka ule, angekuwa shahidi wa mama yao. Wakanitaka niwasimulie. Wengine waliosikia wakanitaka niandike. Basi haya ndiyo maisha yake.

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, karibu na mji wa Villefranche, kaskazini ya jiji la Lyon. Ni nchi ya mizabibu. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu na mtengenezaji wa mvinyo. Kwa mtu wa Tezo, ambaye minazi na wagema hawako mbali na mlango wake, maisha ya namna hiyo hayahitaji maelezo mengi: mwaka ukiwa mzuri kuna kitu mfukoni, ukiwa mbaya kuna madeni. Baba alijaribu biashara ya kuuza mvinyo, ikamwangusha, akawa anaongezea riziki kwa kufundisha watoto. (Msomaji Mwislamu asinune. Hapa tumefuata elimu ya mtu, si kinywaji chake.)

Padri wa kijiji alimfundisha mtoto Kilatini, kisha akapelekwa shule za kanisa, kwanza Villefranche halafu Thoissey. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Alitoka shuleni bila cheti cha kumalizia, akaenda kujifunza kazi kwa mwenye duka la dawa huko Vaise, pembezoni mwa Lyon. Huko alikuwa anaosha chupa, anafagia, na kupeleka dawa kwa wateja, ikiwemo shule ya matabibu wa mifugo.

Katika duka lile kulikuwa na dawa moja iliyopendwa kuliko zote, na jina lake wazee wetu walilijua: tiryaki, dawa ya sumu, ile iliyotajwa katika vitabu vya tiba vya Wagiriki na Waarabu kwa karne nyingi. Ilipaswa kuwa na viungo chungu nzima vilivyopimwa kwa makini. Kijana Bernard aligundua jinsi ilivyotengenezwa pale dukani. Kila dawa iliyoharibika au kupitwa na wakati, tajiri wake hakukubali itupwe. Iliwekwa kando kwa ajili ya tiryaki. Wateja wakainywa na wakasema imewafaa. Nadhani hapo ndipo mtu huyu alipoanza kutoamini kitu kwa sababu tu watu wote wanakiamini, na bila tabia hiyo hadithi yetu ingeishia kwenye chupa za Lyon.

Usiku alikuwa anakwenda kutazama michezo ya kuigiza. Akajitia kuandika. Mchezo wake mfupi wa kuchekesha ulionyeshwa Lyon na ukamletea pesa kidogo, akapata kichwa, akaandika mwingine mrefu wa huzuni kuhusu mwana wa mfalme aliyeitwa Arthur. Mwaka 1834 aliubeba hadi Paris akamwonyeshe Saint-Marc Girardin, mwalimu mkubwa wa fasihi wa wakati huo. Yule bwana aliusoma, akamshauri kwamba kwa kuwa ameshashika dawa dukani, heri akasomee udaktari, na ushairi ungojee saa za mapumziko. Kijana wa leo angeandika matusi mtandaoni. Bernard alikwenda akajiandikisha chuo cha tiba.

Na huko pia hakung'ara. Mwaka 1839, katika mtihani wa kuchagua madaktari vijana wa hospitali za Paris, waliopita walikuwa 29 na yeye akawa wa 26. Kilichomwokoa ni mikono yake. Aliangukia kwa François Magendie, daktari na mwalimu wa Collège de France, mtu mkali wa maneno ambaye hakujali nadharia ya yeyote na alitaka kila jambo lijaribiwe. Magendie aliona jinsi kijana yule alivyokuwa na ustadi wa kupasua, akamfanya msaidizi wake mwaka 1841, na baada ya muda akakiri kwamba amepitwa.

Mwaka 1843 Bernard alimaliza udaktari kwa utafiti juu ya maji ya tumbo yanayosaga chakula. Mwaka uliofuata akaanguka mtihani wa kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hakuwa na mshahara wa maana wala maabara yake mwenyewe, na alifikiria kurudi kijijini awe daktari wa kutibu mafua. Marafiki walimtafutia njia nyingine, ambayo kwetu si ngeni ila inakwenda upande wa pili: wakamtafutia mke mwenye mahari. Kwa Wafaransa wa enzi zile mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi. Mwaka 1845 akamwoa Fanny Martin, binti wa daktari wa Paris, na fedha za mkwewe zikamwezesha kuendelea na utafiti.

Ndoa hiyo haikuwa na heri. Watoto wawili wa kiume walikufa wachanga. Mabinti wawili wakaishi. Na kazi ya mume ilikuwa kupasua wanyama wakiwa hai, mbwa na sungura zaidi, mara nyingi bila dawa ya usingizi kwa sababu dawa hiyo ilikuwa bado haijafika Ulaya alipoanza. Mkewe alichukia jambo hilo waziwazi, na mabinti wakakua na chuki ile ile. Kuna mbwa mmoja alitoroka akiwa na mrija wa fedha umetiwa tumboni mwake, akarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akawa ni mkuu wa polisi wa mtaa ule. Bernard akaitwa. Akaeleza kwamba mbwa alinunuliwa kwa watu wa mitaani waliomwiba, akaomba radhi kwa mke na binti wa yule afisa, mbwa akapona, na kuanzia hapo mkuu wa polisi akawa mlinzi wake dhidi ya majirani waliolalamika.

Sitajifanya kwamba sehemu hii inanipitia kirahisi. Sisi tumelelewa na habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Nimeyapima mambo haya mawili, mbwa wa Paris na maelfu ya watu wa pwani hii wanaokunywa dawa za sukari leo, na sijapata jibu la kunilaza usingizi. Bernard mwenyewe aliamini kwamba hakuna njia nyingine ya kujua mwili unavyofanya kazi, na akalipa kwa nyumba yake: mwaka 1869 yeye na mkewe walitengana, na mabinti wakabaki na mama.

Sasa tuje kwenye ini.

Katika miaka ya 1840 wasomi wa Ufaransa waliamini kwamba mimea ndiyo inayotengeneza sukari, wanga na mafuta, na wanyama, tukiwamo sisi, kazi yetu ni kula na kuteketeza tu. Ilionekana ni kanuni ya maumbile. Kwa hiyo mtu akiwa na sukari kwenye damu, ameila. Kwa maneno mengine, wataalamu wa Paris walifikiri sawasawa na wale ndugu watatu wa barazani.

Mwaka 1848 Bernard, akiwa na miaka 35, alitaka kujua sukari inayoliwa huteketezwa wapi mwilini. Alimlisha mbwa chakula cha sukari, kisha akaifuata damu kutoka utumboni, kupitia ini, hadi kwenye moyo. Akaikuta sukari baada ya ini. Mtu mwingine angeandika makala akaondoka. Yeye akafanya tena kwa mbwa aliyelishwa nyama peke yake, ili awe na uhakika kwamba mbwa asiyekula sukari hana sukari. Akaikuta ileile. Alitumia dawa ya shaba ya rafiki yake mkemia Barreswil, inayobadilika rangi ikigusa sukari, na dawa ile haikumwambia lingine. Akadhani amekosea. Akarudia. Akapima damu ya mshipa unaotoka utumboni kuingia ini, na mwanzoni hata humo aliona sukari, ikamchanganya, mpaka alipotambua kwamba damu ilikuwa inarudi nyuma kutoka kwenye ini wakati wa kupasua. Akaufunga mshipa kwa uzi kabla ya kupima. Sasa mambo yakawa wazi: damu inayoingia kwenye ini la mbwa aliyekula nyama haina sukari, inayotoka ina sukari. Akapima ini lenyewe, likawa na sukari. Viungo vingine havikuwa nayo.

Ini lilikuwa linatengeneza sukari na kuimimina kwenye damu.

Wapinzani hawakukosekana. Mmoja, Louis Figuier, alishikilia kwamba ini ni ghala tu la sukari iliyoliwa, hasa kwa kuwa hata nyama ya mchinjaji ina chembe za sukari ndani yake. Bernard akajibu kwa jaribio ambalo kila nikilisoma nafurahi, maana lilitokana na kukosa muda. Alikuwa na desturi ya kupima sukari ya ini moja mara mbili siku ile ile. Siku moja mwaka 1855 alizidiwa na kazi, kipimo cha pili akakiahirisha hadi kesho yake, na namba zikatofautiana sana. Badala ya kulitupa jibu lisilopendeza, akaliuliza. Akachukua ini lililotoka tu kwa mnyama, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka maji yakatoka hayana sukari hata kidogo. Akaliacha hapo mezani. Kesho yake akalipima, likawa limejaa sukari tena, bila mnyama, bila chakula, bila damu.

Maana yake ndani ya ini kuna kitu kinachogeuka kuwa sukari. Mwaka 1857 alifanikiwa kukitoa, unga mweupe unaofanana na wanga wa muhogo, akaupa jina linalomaanisha kizaa sukari. Leo unaitwa glaikojeni. Ini la mtu mzima aliyekula vizuri lina kiasi cha gramu 100 hivi za akiba hiyo. Weka namba hiyo pembeni ya nyingine: sukari yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima kwa wakati mmoja haizidi sana gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na ubongo peke yake hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kijiko kimoja hakiwezi kumfikisha mtu asubuhi. Akiba ya ini ndiyo inayotiririka taratibu usiku kucha, na ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya kutoka kwa mabaki ya protini na mafuta. Mtu aliyefunga Ramadhani, akala daku kabla ya alfajiri, akaweza kupanda baiskeli kutoka Ngerenya hadi Tezo saa tisa ya mchana, anaendeshwa na ini lake.

Kutokana na mambo haya Bernard alifikia wazo lililomfanya ajulikane hata kwa watu wasiojali maini. Aliona kwamba mwili hauishi moja kwa moja katika jua, baridi na njaa ya nje. Unaishi katika maji yake ya ndani, na viungo vyote vinashirikiana kuyaweka sawa, sukari isizidi, joto lisishuke. Afya kwake ilikuwa usawa huo, na maradhi ni usawa kuvunjika.

Heshima zikaanza kumjia. Mwaka 1854 akaingia katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na Magendie alipofariki mwaka 1855 akarithi kiti chake. Lakini maabara yake ilikuwa chumba chenye unyevu na giza, na siku zote nimejiuliza kama si chumba kile kilichomvunjia afya. Kuanzia miaka ya 1860 aliugua mara kwa mara tumbo na viungo vya ndani. Akawa anarudi Saint-Julien, kwenye nyumba aliyoinunua karibu na ile aliyozaliwa, kusimamia mizabibu yake na kupumzika. Huko, kwa kuwa hakuweza kupasua, aliandika. Kitabu chake juu ya njia ya majaribio katika tiba kilitoka mwaka 1865, na ndicho kinachosomwa hadi leo na watu wasiowahi kushika kisu. Mfalme Napoleon wa Tatu alivutiwa naye, akamfanya seneta mwaka 1869, mwaka ule ule nyumba yake ilipovunjika. Alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878 kwa maradhi ya figo, na serikali ikamzika kwa heshima ya taifa, ambayo kabla yake hakuna mwanasayansi wa Ufaransa aliyeipata. Kijana aliyekuwa wa 26 kati ya 29.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja aliousimamia miaka yote na hakuufungua, na huo ndio unaotuhusu zaidi.

Bernard alijua kwamba ini linatoa sukari. Hakujua ni nani anayeliambia liache. Mwaka 1849 alichoma kwa sindano sehemu fulani chini ya ubongo wa sungura, na mkojo wa sungura ukajaa sukari. Akashikilia tangu hapo kwamba mishipa ya fahamu ndiyo yenye amri. Hakukosea kabisa, maana fahamu zina sehemu yao, lakini bwana mkubwa alikuwa kwingine: kwenye kongosho, kiungo kile laini nyuma ya tumbo ambacho yeye mwenyewe alikifahamu kuliko mtu yeyote wa zama zake. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba majimaji yake husaga mafuta ya chakula. Aliziba mifereji ya kongosho la mbwa, kongosho likaharibika, mbwa hakupata kisukari. Kwa hiyo akaliondolea kongosho lawama.

Kilichotokea ni kwamba kuziba mifereji huua zile sehemu zinazotoa majimaji ya kusaga chakula, na huacha hai visiwa vidogo vya chembe vilivyotawanyika katikati yake. Visiwa hivyo vilionwa kwa darubini na mwanafunzi wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1869, Bernard akiwa bado hai, na Langerhans hakujua kazi yake ni nini. Mwaka 1889, miaka 11 baada ya Bernard kuzikwa, von Mering na Minkowski huko Strasbourg waliliondoa kongosho zima la mbwa, na mbwa akapata kisukari kikali. Mwaka 1920 daktari wa Kanada, Frederick Banting, alisoma makala kuhusu kongosho ambalo mfereji wake umezibwa, akapata wazo: ziba mifereji, ngojea zilizobaki ziharibike, kisha toa kilichomo kwenye visiwa. Jambo lililompoteza Bernard likawa ndiyo njia. Mwaka 1921 Banting na Best walipata dawa yao mjini Toronto, na Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari, akadungwa. Hiyo ndiyo insulini.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba insulini hufungua milango ya misuli ili sukari iingie. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Insulini ikitoka kwenye kongosho haiendi mikononi wala miguuni kwanza. Inaingia katika mshipa ule ule ambao Bernard aliufunga kwa uzi, na inapita kwenye ini kabla ya kufika kwingine kokote. Karibu nusu yake huishia hapo. Inapofika hulipa ini amri kadhaa kwa pamoja. Acha kuivunja glaikojeni. Chukua sukari iliyokuja na chakula uiweke akiba. Acha kutengeneza sukari mpya. Na kwa mbali huyaambia mafuta ya mwili yatulie, kwa kuwa mafuta yakimiminika kwenye ini huwa kuni za kuchochea kazi ile ile ya kutengeneza sukari. Mtu akikaa na njaa, insulini hupungua bila kwisha, homoni nyingine ya kongosho iitwayo glukagoni hupanda, na ini hulegezewa kamba kiasi cha kuulisha ubongo tu.

Katika kisukari cha watu wazima, ini huwa kama limezibwa masikio. Insulini ipo, pengine hata nyingi, lakini ini haliisikii vizuri, nalo linaendelea kumwaga sukari kana kwamba mwenye mwili yuko jangwani. Na kuelekea alfajiri, homoni zinazomwandaa mtu kuamka hulisukuma zaidi. Mwenye kongosho zima huongeza insulini kidogo na mambo hukaa sawa. Asiye nalo hupanda kutoka 8.9 hadi 11.6 akiwa amelala fofofo, bila kuonja hata tende moja.

Na kile kidonge kinachotolewa mara nyingi kuliko vyote katika hospitali zetu, metformin, kazi yake kubwa ni hiyo hasa: kulituliza ini lisitengeneze sukari kupita kiasi. Daktari aliyeingiza kidonge hicho katika tiba ya kisukari mwaka 1957 alikuwa naye ni Mfaransa, Jean Sterne, miaka 100 kamili baada ya Bernard kuitoa glaikojeni. Ukikiacha kwa hoja kwamba hukula, umemwachia huru yule yule asiyehitaji chakula chako ili atoe sukari. Ziko dawa nyingine ambazo kuzimeza na njaa ni hatari kweli, sukari hushuka mtu akaanguka, na ndiyo maana si jambo la kuamuliwa barazani. Anayejua dawa ipi ni ipi ni aliyeiandika. Na mtoto anayeishi kwa sindano ya insulini, akikataa chakula kwa homa au kutapika, insulini yake haiachwi kabisa hata hivyo, hupangwa upya na daktari haraka, kwa sababu bila insulini ini humwaga sukari na asidi pamoja.

Hayo ndiyo niliyowaeleza wale ndugu, kwa ufupi zaidi ya hapa, chai ikipoa. Mdogo wao aliuliza maswali mengi. Yule mkubwa aliuliza moja tu, kama basi mama yuko huru kula tende anavyotaka. Nikamwambia hapana, na mama mwenyewe akasema hapana kabla yangu. Kisha mkubwa akanyamaza muda mrefu akiutazama mkeka.

Wiki ile walimpeleka kliniki na daftari la namba zake za usiku na za asubuhi. Kidonge cha usiku kikarudi, kipimo chake kikabadilishwa, na akaambiwa ale chakula kidogo cha jioni. Juzi nilipopita kumjulia hali, kimashine kilikuwa kimesoma 7.4 alfajiri ile. Kufuli bado liko kwenye kabati la jikoni, ila ufunguo siku hizi mama ameufunga kwenye pindo la leso yake.